Duara Lililogeuka Yai

Mnunuzi wa mitumba katika soko la Kiboriloni hukagua mshono kabla ya jina la kiwanda. Anayetaka kuchora kwa kompyuta naye afanye vivyo hivyo. Sikubaliani na wanaomshauri mwanafunzi aanze na kibao cha ghali chenye skrini. Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kawaida za dukani. Kibao kisicho na skrini chatosha, pamoja na programu ya Krita, itolewayo bure.

Taabu huja baadaye. Mwanafunzi huchora duara, skrini ikaonyesha yai. Hulaumu mkono wake, na wengi huacha hapo hapo, jambo la kusikitisha, maana kosa ni la hesabu. Kibao chenye upana wa 4 kwa kimo cha 3 kikioanishwa na skrini nzima ya 16 kwa 9, kila kimo hubanwa kikawa robo tatu. Mwalimu na awape wanafunzi wahakikishe kwa kukokotoa. Dawa yake ni kufungua mipangilio ya kibao na kulinganisha uwiano. Sehemu ndogo ya kibao itabaki bila kazi, lakini duara litakuwa duara.