Mtoto wa Latini-Filo aliyebaki nyumbani: kitabu gani kinafuata?

Tangu vita vilipofika Goma Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, watu wa Kivu wamesema mengi juu ya watoto wa shule ya msingi waliobaki bila darasa. Ni haki yao kusema. Lakini kuna kundi dogo ambalo halitajwi: vijana wa sekondari waliokuwa katika opsioni ya Latini-Filo. Mtoto wa pedagojia akikimbilia mji mwingine, mara nyingi anakuta shule yenye opsioni yake. Mtoto wa Latini-Filo anakuta pedagojia, biashara, ushonaji, halafu anaambiwa achague. Shule zinazofundisha Kilatini ni chache, na nyingi kati yake ni za misheni ya Kikatoliki au seminari ndogo. Huwezi kuzipata kila mahali ambapo familia imepata jamaa wa kuipokea.

Tuseme ni msichana wa miaka 16. Alimaliza mwaka wa kwanza wa humanite na nusu ya mwaka wa pili. Sasa familia yake inaishi katika chumba kimoja kwa shangazi yake, mbali na shule aliyoijua. Alikimbia na kaye mbili, moja ya Kifaransa na moja ya Kilatini. Baba anataka aendelee kusoma nyumbani mpaka njia ya kurudi shuleni ifunguke. Majirani wanatoa mashauri matatu. Wa kwanza anasema Kilatini ni lugha ya wafu, kiachwe. Wa pili anasema mtoto atafutiwe kitabu kipya kizuri kutoka Ulaya, aanze mwanzo. Wa tatu anasema simu itatosha, siku hizi kila kitu kiko ndani ya simu.

Wote watatu wamekosea, na yule wa pili amekosea zaidi, kwa sababu shauri lake linaonekana zuri. Mtoto aliyesoma mwaka mmoja na nusu akirudishwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu kingine, atafurahi wiki mbili kwa kuwa anajua kila kitu. Wiki ya tatu anachoka. Wiki ya nne kitabu kinamwita jambo kwa jina lingine ambalo mwalimu wake hakulitumia, mpangilio wa deklinezoni unabadilika, na zile kurasa 80 alizoandika kwa mkono wake zinakuwa takataka. Kaye hiyo ndiyo kitabu chake. Hakuna kitabu cha Ulaya kilichofuata programu ya shule yake kwa karibu kuliko yale aliyoyanakili ubaoni.

Kwa hiyo, kabla ya kununua au kutafuta chochote, apimwe. Achukue maandishi mafupi aliyotafsiri zamani darasani, mistari mitano tu, ayatafsiri tena bila kuangalia jibu. Akiweza, aendelee kutoka pale mwalimu alipoishia. Asipoweza, arudi sura mbili au tatu nyuma, asirudi mwanzo kabisa. Kilatini kina deklinezoni tano na konjugezoni nne. Mtoto wa mwaka wa pili huwa ameshapita sehemu kubwa ya hizo. Kinachomwangusha mara nyingi ni deklinezoni ya tatu pamoja na vitenzi vya kutendwa, na hapo ndipo pa kukaa mwezi mzima bila haya.

Kuna jambo moja ambalo wazazi hawalijui, na baadhi ya walimu hawalitumii. Mtoto anayesema Kiswahili ana nafasi nzuri mbele ya Kilatini, pengine nzuri kuliko mtoto anayejua Kifaransa peke yake. Kifaransa kinahitaji maneno mawili kusema *nous aimons*. Kiswahili kinasema kwa neno moja, tunapenda. Kilatini nacho kinasema kwa neno moja, *amamus*. Tofauti ni kwamba Kiswahili kinaweka alama ya «sisi» kichwani mwa neno, Kilatini kinaiweka mkiani. Katika *amabamus* kuna *ba* katikati inayoonyesha wakati uliopita, kama vile *li* inavyokaa katikati ya tulipenda. Mtoto akionyeshwa hivyo mara moja, haogopi tena. Tena hashangai kwamba *arbor magna* inageuka *arbores magnae*, kwa sababu tangu utoto anasema mti mkubwa na miti mikubwa. Anajua tayari kwamba sifa inafuata jina.

Pahali ambapo Kiswahili hakimsaidii ni hapa: *puella matrem amat* maana yake msichana anampenda mama, na ukigeuza maneno ukasema *matrem puella amat*, maana ni ile ile. Katika Kiswahili, ukigeuza, anayependa naye anabadilika. Ile *m* ya mwisho wa *matrem* ndiyo inayosema nani anapendwa. Mzazi ambaye hajui Kilatini anaweza kusaidia hata hivyo, kwa kumuuliza mtoto kila sentensi: nani anafanya? nani anafanyiwa? umejuaje? Swali la tatu ndilo lenye faida.

Sasa, vitabu. Kile ambacho wanaokipenda wanakisifu sana ni cha Mdenmarki Hans Ørberg, chenye sura 35 juu ya familia moja ya Kirumi, na kimeandikwa chote kwa Kilatini, kuanzia na maneno mepesi yanayosaidiwa na picha. Ni kizuri kwa kusoma, na mtoto anajenga mazoea ya kuelewa bila kutafsiri. Lakini mtihani wa serikali haumuulizi mtoto kama amefurahia hadithi. Exetat inatumia maswali ya kuchagua jibu, kwa Kifaransa, na inataka ajue kanuni kwa jina lake. Kitabu hicho kiwe cha jioni, kisichukue nafasi ya kaye.

Kinachomfaa zaidi mtoto wa Kivu kinaweza kuwa kitabu ambacho wengi wamekisahau. Mwaka 1784, padri Mfaransa aitwaye Lhomond alitoa *Epitome historiae sacrae*, historia takatifu kwa Kilatini chepesi kinachozidi kuwa kigumu polepole. Kiliandikwa kwa ajili ya watoto wanaoanza. Hakina mwenye haki tena, kwa hiyo kinapatikana bure kwenye intaneti na kinaweza kupigwa fotokopi bila kumkosea mtu. Faida yake kubwa ni hii: msichana aliyesikia habari za Abrahamu na za Yosefu kuuzwa na ndugu zake tangu alipokuwa mdogo kanisani, hapotei katika hadithi. Akili yake yote inabaki kwenye lugha. Akiweka kando yake Biblia ya Kiswahili, ana mwalimu wa pili. Familia ya Kiislamu pia inazijua habari za Ibrahimu na Yusufu. Baada ya hapo anaweza kupita kwenye kitabu kingine cha Lhomond, *De viris illustribus*, juu ya watu wakubwa wa Roma, ambacho ni kigumu zaidi.

Kamusi ni Gaffiot, ya Kilatini na Kifaransa, iliyotoka mwaka 1934. Nayo inapatikana bure na inaweza kuwekwa ndani ya simu mara moja, ikatumika bila mtandao. Hapo ndipo jirani wa tatu ana haki kidogo. Zile programu za kujifunzia lugha kwenye simu ni habari nyingine. Duolingo, kwa mfano, inafundisha Kilatini kupitia Kiingereza, na mtoto wa Goma aliyesomeshwa kwa Kifaransa atalipa krediti ili apambane na lugha mbili ngeni kwa wakati mmoja.

Kwa jirani wa kwanza, anayesema kiachwe: familia isiyo na chakula haiwezi kulaumiwa ikiacha Kilatini, na hakuna mtu wa haki atakayeilaumu. Hesabu na Kifaransa vitangulie. Dakika 40 kwa siku zinatosha kwa Kilatini, asubuhi, kabla ya kazi za nyumbani. Lakini kusema si lugha ya Mkongomani ni kusahau historia. Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo, aliyepewa upadri mwaka 1917 kule Baudouinville, Kirungu ya leo karibu na Moba, alipita katika masomo ya Kilatini. Valentin-Yves Mudimbe, mzaliwa wa Likasi aliyefariki Aprili 2025, alianzia katika lugha hizo za kale kabla ya kuwa mwanafalsafa anayesomwa dunia nzima. Hao hawakuwa watoto wa matajiri wa Ulaya.

Linalobaki ni la shule, na hapa maneno matamu hayafai. Kila mwalimu ana previzyo ya masomo yake na jurunali ya darasa. Prefe anaweza kunakili ukurasa mmoja wa mada zilizofundishwa na zile zilizobaki, akampa mzazi anayeomba. Ni kazi ya robo saa. Shule zinazodai malipo ya minervali iliyobaki kabla ya kutoa karatasi hiyo zinamwadhibu mtoto kwa vita ambavyo hakuvianzisha. Paroko naye anaweza kuuliza mwishoni mwa misa ni nani kati ya waamini aliyepita seminari ndogo. Kati ya wazee waliokimbia vita wamo wanaoweza kupanga deklinezoni zote tano bila kitabu, na wengi wao wanashinda bila kazi. Na redio za jamii, zilizokumbuka mwaka 2020 wakati wa Corona kwamba masomo yanaweza kupita hewani, zinaweza kutoa robo saa kwa wiki kwa opsioni zisizo na walimu.

Exetat ina mlango wa watahiniwa wanaojisomea, wale wanaoitwa otodidakte, lakini una masharti yake, na mzazi aulize mapema kwenye ofisi ya inspeksyo kabla ya kuutegemea. Njia iliyo salama zaidi ni mtoto kurudi darasani akiwa hajapoteza kiwango chake. Kwa hiyo bulteni ya mwaka wa kwanza iwekwe katika mfuko wa plastiki pamoja na kaye ya Kilatini, vifungwe, na vikae na ule mzigo ambao familia inaushika kwanza ikisikia mlio wa risasi.