Kofia Tunaiona, Mchimbaji Yuko Wapi?

Vijana wenzangu wa kalamu, leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni wa cheni.

Rafiki yangu mmoja, naye anaandika riwaya, kanunua kidani cha fedha chenye umbo la kofia ya vita ya Wagiriki wa kale, ile inayofunika uso na kuacha macho na mdomo tu. Eti ni ya Msparta. Eti ukiivaa unakuwa shujaa. Nikamwambia: ndugu yangu, umeuziwa hadithi nusu.

Kwanza, kofia zile zilikuwa za shaba nyeusi. Pili, Plutarch anaandika kwamba Lycurgus, mtunga sheria wa Sparta, alipiga marufuku sarafu za dhahabu na fedha, watu wakatumia vyuma vizito. Msparta angekiona kidani hicho angecheka!

Wenye fedha walikuwa watu wa Athens, kutoka migodi ya Laurion. Mwaka 483 K.K. Themistocles aliwashawishi wasigawane fedha hiyo, bali waunde merikebu za vita. Mwaka 480 K.K. merikebu hizo zikawapiga Waajemi kule Salamis. Ushindi mtamu, sikatai. Lakini nani alichimba? Watumwa, ndani ya mashimo membamba, kwa mwanga wa vibatari. Xenophon katuachia hesabu: Nikias, jemadari wa Athens, alikuwa na watumwa 1,000 migodini, akiwakodisha, na kila kichwa kilimwingizia oboli moja kwa siku. Oboli nayo ni sarafu ya fedha. Yaani jasho la huyu, mfuko wa yule!

Jina la jemadari tunalo. Ya wale 1,000, hata moja hatuna.

Sekondari nilikariri majemadari mpaka nikawaota. Wachimbaji sikuulizwa. Matokeo yake? Muswada wangu wa kwanza ulijaa mapanga, aliyeyafua hayumo. Juzi nimechana kurasa 40, na roho imeniuma kwelikweli, maana karatasi nilinunua kwa kudunduliza.

Simwambii mtu avue cheni. Vaa bwana, pendeza. Ila ukishika kalamu, usiwe sonara wa majemadari. Wao wamekwisha sifiwa miaka 2,500. Shuka shimoni, umtafute mwenye kibatari, umpe jina.