Rangi ya Behewa Si Pambo

Bila shaka wapo watakaoshangaa kuona ukurasa huu ukitumiwa kujadili rangi ya behewa la mizigo, tena si behewa lenyewe bali mfano wake mdogo, uliotengenezwa na mtoto kwa katoni na vizibo vya chupa. Karo ina wenyewe wanaoililia, na bei ya majani mabichi ya chai ina wenyewe wanaoilalamikia; itakuwaje mtu mzima ashike kalamu kwa ajili ya brashi na kopo la rangi? Nawaomba wenye mawazo hayo wanistahimilie, kwa maana ninalotaka kulizungumzia hasa ni namna tunavyowatuza wanafunzi wetu, na namna tunavyowafundisha, pasipo kukusudia, kwamba kinachong'aa ni bora kuliko kilicho kweli.

Tangu Mtaala wa Umilisi uanze kutekelezwa katika madarasa ya chini Januari 2019, kazi za mikono zimerudi shuleni kwa kishindo. Wale waliosoma katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 watakumbuka Sanaa na Ufundi, vikapu vyake na vinyago vyake. Siku hizi watoto wetu hutengeneza magari ya waya, majumba ya katoni na, hasa katika pande za Londiani, Kipkelion na Fort Ternan, magarimoshi. Hilo si ajabu. Mji wa Kericho wenyewe haukupata kufikiwa na reli, wala Bomet, lakini njia ya Kisumu hupita kaskazini mwa kaunti ya Kericho, ikishuka kutoka Mau Summit hadi Muhoroni. Reli hiyo ilifika ziwani Desemba 1901, hata kabla ya mashamba makubwa ya chai kupandwa. Chai ilipokuja, katika miaka ya 1920, ndiyo stesheni ya Lumbwa, tunayoiita leo Kipkelion, iliyokuwa mlango wa Kericho wa kwenda Mombasa. Masanduku ya chai yalipandishwa kwa barabara hadi hapo, yakapakiwa katika mabehewa yaliyofunikwa, kwani chai ni kitu chenye wivu: ikilowa imeharibika, na ikiwekwa karibu na samaki au sabuni hunywa harufu.

Mwaka uliopita nilikaribishwa katika shule moja, ambayo sina haja ya kuitaja, kutazama kazi za wanafunzi. Mezani palikuwa na mabehewa saba. Sita yalikuwa yamepakwa rangi za kumeremeta: buluu ya anga, manjano ya limau, waridi, na moja lilinyunyiziwa unga wa dhahabu. La saba lilikuwa la hudhurungi iliyoelekea wekundu, lisilong'aa, limechafuka kwa makusudi karibu na magurudumu. Ubavuni palikuwa na herufi mbili, tarakimu kadhaa, na maandishi madogo ya uzito. Kijana aliyelitengeneza alieleza kwamba alikwenda na babu yake stesheni, wakayatazama mabehewa yaliyosimama, akayachora daftarini. Waamuzi walimpa nafasi ya mwisho. Sababu iliyoandikwa ilikuwa: "Haina mvuto."

Sikusema neno siku hiyo, kwa kuwa mgeni hahukumu nyumba ya watu. Hapa nina ruhusa ya kusema. Kati ya kazi zote saba, ni moja tu iliyokuwa na uchunguzi ndani yake, na ndiyo iliyoadhibiwa.

Hebu tujiulize kwa nini mabehewa ya mizigo niliyoyaona tangu utotoni kwenye njia hii ni ya rangi ile ya kutu. Si kwa sababu wenye reli hawana macho ya kuona uzuri. Rangi hiyo hupatikana kwa oksidi ya chuma, nayo ni rahisi kupatikana, haichujuki upesi juani, na haionyeshi uchafu. Ni jamaa wa ile rangi ya kwanza ambayo mafundi wa kuchomelea hupaka milango ya chuma kabla ya rangi yenyewe. Huko Marekani pia, kwa miaka mingi, mabehewa ya mizigo yalipakwa rangi ya namna hiyo kwa sababu hizo hizo. Uingereza baada ya mwaka 1948 rangi ilikuwa na lugha yake: behewa la kijivu lilimaanisha kwamba halina breki zinazoungana na za treni nzima, na la hudhurungi kwamba linazo. Mfanyakazi wa relini alilitazama kwa mbali akajua. Rangi, basi, ilikuwa taarifa kazini.

Herufi nazo zina habari nyingi zaidi. Reli yetu imebadilisha jina mara nyingi kuliko wengi wetu tunavyokumbuka. Ilianza kama Reli ya Uganda. Ikawa ya Kenya na Uganda. Mwaka 1948 ikaunganishwa na ya Tanganyika ikawa Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Mwaka 1969 bandari zikatengwa. Mwaka 1977 jumuiya ikavunjika, na mwaka uliofuata likazaliwa Shirika la Reli la Kenya. Novemba 2006 uendeshaji ukakabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways, na mwaka 2017 mkataba huo ukavunjwa. Mtoto anayeandika herufi za mwaka 1960 ubavuni mwa behewa, kisha akalifunga nyuma ya injini ya dizeli ya juzi, ametenda kosa lile lile la mwanafunzi wa historia anayempeleka Mzee Kenyatta kwenye sherehe za katiba ya 2010. Mwalimu mwerevu hatamcheka, atamuuliza: "Behewa lako ni la mwaka gani?" Kwa swali hilo moja, somo la sanaa limekwisha kuwa somo la historia.

Wanafunzi wa nchi ya chai wanaielewa lugha ya aina hii kuliko wanavyodhani. Nani kati yao hajaona gunia la chai lililofungwa kiwandani? Juu yake pana jina la kiwanda, daraja la chai, iwe BP1, PF1 au PD, nambari ya shehena na uzito. Hakuna ua wala kipepeo, na hakuna anayelalamika kwamba gunia halina mvuto. Mnunuzi huko Mombasa husoma maandishi hayo akajua anachokinunua. Vivyo hivyo ubavu wa behewa: mwenyewe ni nani, nambari yake ni ipi, lina uzito gani likiwa tupu, laweza kubeba tani ngapi. Hata mabango ya mashamba yetu yana historia ya namna hii. Pale palipoandikwa Brooke Bond, baadaye paliandikwa Unilever, na Unilever nayo ikakamilisha kuiuza biashara yake ya chai mwaka 2022. Mwenye kutaka kuijua historia ya uchumi wa Kericho na aanze na rangi iliyopakwa juu ya rangi.

Nimeulizwa na walimu wawili watatu jinsi kazi hii inavyoweza kufanywa pasipo kuwatoza wazazi. Ughaibuni, wapenzi wa reli ndogo hununua karatasi maalumu zenye herufi zilizokwisha chapwa. Karatasi huloweshwa katika maji ya uvuguvugu, gundi yake ikalegea, kisha utando mwembamba wenye herufi ukatelezeshwa ubavuni mwa behewa. Wanajua pia kwamba utando huo hupenda mahali laini panapong'aa. Ukiwekwa juu ya rangi iliyokwaruza, hewa hujificha chini yake na herufi zikazungukwa na weupe kama ukungu. Kwa hiyo hupaka vanishi ing'aayo kwanza, wakabandika, kisha wakamalizia kwa vanishi isiyong'aa. Ni ufundi mzuri, lakini karatasi hizo si kitu cha kumwagiza mzazi wa Kipkelion, na hata angezipata, sidhani angekuta zenye herufi za reli yetu.

Sisi tunayo stenseli. Kata herufi katika kipande cha plastiki ngumu, hata filamu ya eksirei iliyokwisha kazi, ilaze ubavuni, kisha gusagusa kwa sponji iliyotiwa rangi nyeupe kidogo sana. Siri ni huko "kidogo sana". Rangi ikizidi hupenya chini ya ukingo na herufi zikavimba. Behewa la katoni lipakwe rangi ya maji, la bati lipakwe rangi ya mafuta, na katika yote mawili matabaka mawili membamba ni bora kuliko moja zito. Kopo dogo la hudhurungi hutosha darasa zima. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui: rangi iliyo sawasawa na ya behewa kubwa huonekana nzito mno kwenye behewa dogo. Tone la nyeupe likichanganywa humo, jicho huridhika.

Hapo ndipo mwalimu wa hisabati naye anaposogeza kiti chake. Njia hii ya zamani ina upana wa meta moja kati ya chuma na chuma. Darasa likichagua kipimo cha moja kwa arubaini, njia ya mfano itakuwa na upana wa milimita 25. Behewa la meta 12 litakuwa sentimita 30, na herufi ya sentimita 30 itakuwa milimita saba na nusu. Nimewaona watoto waliochukia uwiano ubaoni wakiubishania kwa furaha mbele ya boksi la maziwa.

Ipo hoja ya upande wa pili, nayo si ya kupuuzwa. Wapo wasemao kwamba sanaa ni uhuru, na kwamba mtoto apendaye waridi aachiwe waridi lake. Nakubali, kwa sharti moja. Mwenye kuandika ubavuni kwamba hili ni behewa la reli ya Kenya la mwaka 1985 ametoa ushahidi, na ushahidi hupimwa. Asiyetaka kupimwa hivyo na aanzishe reli yake mwenyewe. Na kwa nini asiianzishe? Tuwape watoto reli ambayo haikujengwa kamwe: itoke Kipkelion, ishuke Kericho, ipite Litein na Sotik, ifike Bomet. Wachague rangi yake, waeleze kwa nini wameichagua, waseme mvua na mvua ya mawe ya Kericho itaifanya nini baada ya miaka mitano. Waamue herufi zake, na kama maandishi ya uzito yatakuwa kwa Kiswahili. Mtoto aliyetaka waridi atapata waridi, lakini itambidi alitetee.

Picha za zamani zitumiwe kwa tahadhari, kwani nyingi hazina rangi, na katika picha nyeusi na nyeupe kijani na hudhurungi huweza kufanana kama mapacha. Ni afadhali kuwauliza wazee waliofanya kazi relini. Shule yenye uwezo wa safari iende Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, ambako injini kubwa za mvuke kama Mount Gelai, nambari 5918, zingali zimevaa wekundu wao uliokoza. Wenye kwenda stesheni za jirani waende na mwalimu, waombe ruhusa, wala wasikanyage njia. Reli ya Nakuru hadi Kisumu ilikarabatiwa, na treni ya abiria ikarejea humo Desemba 2021, kwa hiyo asidhani mtu kwamba chuma kile kimelala.

Kwa waamuzi wa maonyesho yajayo nina ombi dogo. Katika karatasi ya alama, pale palipoandikwa "mvuto", ongezeni mstari mmoja chini yake: "Mwanafunzi amejuaje?" Uwe na alama nyingi kuliko ule wa juu. Na yule kijana wa behewa la hudhurungi, ikiwa bado analo, aitwe alilete tena.