Afya ya Jamaa: Magoti na mukebe wa kolajeni

Baba anayechimba ao kubeba mizigo, magoti inamuuma. Anajiuliza: ninunue unga wa kolajeni?

Kolajeni ni protini inayoshikamanisha ngozi, mifupa na viungo. Mukipika miguu ya ng'ombe saa nyingi, inageuka jelatini. Njo ile supu inayogandamana ikipoa. Unga wa mu mukebe nao unatoka mu ngozi na mifupa ya nyama ao samaki.

Lakini mujue: tumbo inaikata vipande vidogo mbele ya kuingia mu damu. Haiendi yote ku goti. Watu wamoja wanapata nafuu kidogo. Kujenga upya goti lililochakaa, haijahakikishwa. Basi feza ya chakula ya watoto isiishie mu mukebe. Maharagi, samaki na supu vinaleta protini. Kutembea kila siku, na kupunguza uzito kwa mwenye kunenepa, vinasaidia goti.

Wazazi, mutoto akivimba viungo na kuwa na homa, musimupe unga. Mumupeleke kwa munganga siku ileile. Inaweza kuwa SS, ao ugonjwa wa viungo unaoharibu moyo.