Setilaiti Inaona Mabati, Ufa uko Ukutani

Usiku mmoja wa Jumapili, Machi 2019, nilikuwa Voi nimeketi barazani, chakula kishaliwa, mara kiti kikanitikisika. Lilikuwa tetemeko la kipimo cha 4.8, lililosikika hadi Mombasa na Nairobi. Asubuhi shangazi akanipigia simu kutoka Wundanyi: ukuta wa jikoni umepasuka, kutoka dirishani hadi chini. Nilipanda mlima kwenda kumtazama. Mabati yake yalikuwa yametulia kama siku zote.

Nayakumbuka mabati hayo kila nikisikia watu wakisema kwamba likitokea janga setilaiti zitatuhesabia nyumba zilizoharibika. Jambo lenyewe si uongo. Tangu mwaka 2000 kuna mkataba wa kimataifa ambao mashirika ya anga hutoa kwao picha bure nchi inapopatwa na maafa. Uturuki ilipotikiswa Februari 2023, ramani za uharibifu zilitoka ndani ya siku chache, na kule maghorofa yalikuwa yamelala sakafu juu ya sakafu. Jengo la namna hiyo linaonekana kutoka angani.

Sasa chukua nyumba ya kwetu. Picha kali za kibiashara zinaonyesha kitu cha sentimita 30 hadi 50 ardhini, na zinapigwa kutoka juu. Zinaona paa. Ukuta wa matofali ya udongo unaweza kupasuka pande zote nne na mabati yakabaki juu ya nguzo zake, na mchambuzi aliyeko Ulaya akaandika kwenye ramani: hakuna uharibifu unaoonekana. Neno "unaoonekana" amelitia kwa uangalifu. Ramani ikishafika mezani kwa mgawa misaada, neno hilo huwa la kwanza kusahaulika, na nyumba inahesabiwa nzima.

Haya yameshatokea. Haiti, Januari 2010, wataalamu waliohesabu nyumba kwa picha za angani waliziona vizuri zilizobomoka kabisa, lakini nyingi zenye nyufa ziliwapita. Na karibu yetu, Bukoba, Septemba 2016, tetemeko la 5.9 liliua zaidi ya watu 15 na kuharibu maelfu ya nyumba, nyingi za matofali yasiyo na nondo. Mwenye nyumba ya aina hiyo hapaswi kulala ndani, paa liwe limesimama au limeanguka.

Milima yetu nayo ina mambo yake. Ukungu wa Wundanyi na Werugha mnaujua, na kamera ya kawaida haipenyi mawingu. Rada inapenya: inalinganisha mwangwi wa kabla na wa baada ya tetemeko, palipobadilika panatiwa alama. Lakini shamba lililolimwa juzi nalo limebadilika, migomba iliyokatwa vilevile, na kwenye miteremko mikali upande mmoja wa mlima hufichwa na kivuli cha rada. Voi mjini na Maungu, kwenye tambarare, itafanya kazi nzuri zaidi. Yaani wanaoishi juu ndio watakaoonekana kidogo.

Sisemi tuitupe setilaiti. Kwa kujua barabara ipi imefungwa na kijiji kipi kifikiwe kwanza, sioni cha kuishinda. Ninachoiomba serikali ya kaunti ni orodha iliyoandaliwa kabla. Google ilishatoa mwaka 2021 ramani ya wazi ya majengo ya Afrika, iliyochorwa kutokana na picha za setilaiti, msingi upo. Kinachokosekana ni mzee wa mtaa na kijana mwenye simu wapite nyumba kwa nyumba, waandike ukuta ni wa nini, nondo zipo au hazipo, wapige picha ya kila upande. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taita Taveta wangeifanya kazi hiyo likizo moja, tarafa moja baada ya nyingine. Baada ya tetemeko, haohao wanarudi na kulinganisha, na fidia isitolewe wala kunyimwa kwa picha ya juu peke yake.

Shangazi aliuziba ufa wake mwaka uleule, kwa udongo na chokaa juu yake. Hakuna aliyeupiga picha, hata mimi niliyepanda mlima kwenda kuutazama.