Gari lifunguke hata seva ikizimika

Ijumaa ya Novemba 19, 2021, wamiliki wa magari ya Tesla katika nchi kadhaa, kuanzia Marekani na Kanada hadi Korea Kusini, walifungua programu ya kampuni hiyo kwenye simu zao wakakutana na ujumbe wa hitilafu ya seva. Baadhi yao walikuwa wamesimama kando ya magari yao wenyewe, wasiweze kuyafungua wala kuyawasha. Magari hayo hayakuwa na ubovu wowote. Mkuu wa Tesla, Elon Musk, aliomba radhi siku hiyo hiyo kupitia Twitter, akaeleza kwamba huenda kampuni iliongeza bila kukusudia wingi wa taarifa zinazopita kwenye mtandao wake. Baada ya saa chache huduma ikarejea, na habari ikasahaulika upesi mno. Ilistahili mjadala mrefu zaidi, kwa sababu siku ile ilidhihirika kuwa mtu anaweza kulipia gari hadi senti ya mwisho, akawa na kadi ya usajili yenye jina lake, na bado idhini ya kuliendesha ikabaki kwenye kompyuta ya mtu mwingine, katika nchi nyingine. Msimamo wangu ni kwamba sheria iingilie kati: gari lolote linalouzwa liwe na njia ya kulifungua na kuliwasha isiyohitaji intaneti, isiyohitaji akaunti, na isiyotegemea kama kampuni iliyolitengeneza ingali hai.

Simu hufungua gari kwa njia mbili, na wengi huzichanganya. Njia ya kwanza ni Bluetooth. Simu na gari hutambuana zikiwa karibu, na siri za utambulisho zimehifadhiwa ndani ya vifaa hivyo viwili. Hapo intaneti haihitajiki. Ungeweza kuwa katikati ya Serengeti pasipo mnara wa simu hata mmoja na mlango ukafunguka. Njia ya pili ni amri inayosafiri: inatoka kwenye simu, inakwenda kwenye seva ya kampuni, kisha seva inalipigia gari kupitia laini ya simu iliyofungwa ndani yake. Kwa mtumiaji zote mbili zinaonekana ni kitu kimoja, kwa kuwa zinakaa kwenye programu ile ile. Ikitokea simu imeizima programu kimyakimya ili kuokoa chaji, au mfumo wa simu umesasishwa ukabadilisha ruhusa za Bluetooth, mwenye gari hubonyeza kitufe cha kufungua kilichopo kwenye skrini. Bila kujua, amehama kutoka njia ya karibu kwenda njia ya mbali, na sasa anategemea seva. Seva ikiwa chini, amekwama.

Kuna udhaifu mwingine usiohusiana na mtandao kabisa. Gari la umeme lina betri kubwa ya kuendeshea magurudumu, lakini vitasa, kompyuta na kisoma kadi ya kufungulia mlango huendeshwa na betri ndogo, kwa kawaida ya volti 12, kama ile ambayo fundi yeyote wa mtaani anaifahamu. Betri hiyo ikifa, simu haina wa kuzungumza naye na kadi haina wa kuisoma. Kwenye Tesla Model 3 inabidi ufungue kifuniko kidogo kwenye bampa ya mbele, uvute nyaya mbili na kuzipa umeme kutoka nje, ndipo uifikie hiyo betri. Septemba 2025, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilianza kuchunguza takribani magari 174,000 ya Tesla Model Y ya mwaka 2021 baada ya kupokea malalamiko kwamba vitasa vya nje vya umeme viligoma kufanya kazi. Miongoni mwa waliolalamika walikuwa wazazi walioshuka wakashindwa kufungua tena huku mtoto akiwa ndani, na wengine walilazimika kuvunja kioo. Tukifikia hapo hatuzungumzii tena usumbufu wa kuchelewa kazini.

Watetezi wa mfumo huu wana jibu la haraka: Tesla hutoa kadi ya akiba na huwashauri wateja waibebe, kwa hiyo aliyekwama ajilaumu mwenyewe. Hoja hiyo ina ukweli, nami siikatai yote. Aliyekuwa na kadi mfukoni siku ile ya Novemba aliondoka bila shida. Lakini tuangalie bidhaa inavyouzwa. Mvuto wa simu kuwa ufunguo ni kwamba unaacha kubeba ufunguo. Ndiyo raha yenyewe inayotangazwa. Kampuni haiwezi kumzoesha mteja kutoka mikono mitupu kwa miezi na miaka, kisha hitilafu inapotokea kwenye mitambo yake ikamuuliza kadi yako iko wapi. Zaidi ya hapo, kuwepo kwa kadi kunathibitisha ninachokidai: kifaa cha bei ndogo, kisichohitaji mtandao, kinatosha kuondoa tatizo. Basi kwa nini kiachwe kuwa hiari ya mtengenezaji, ambaye kesho anaweza kuona ni gharama ya kupunguza?

Wengine husema hitilafu hizi ni chache na hudumu saa chache tu. Hilo lingenituliza kama magari yangeishi saa chache. Gari huishi miaka 15, 20, pengine zaidi, na katika muda huo kampuni hufilisika, mitandao hufungwa na simu hubadilishwa mara nyingi. Kampuni ya Fisker ya Marekani iliomba kinga ya kufilisika Juni 2024, ikiwa imetengeneza maelfu ya magari ya umeme aina ya Ocean katika kiwanda cha Magna huko Graz, Austria. Kampuni ya kukodisha magari ya New York, American Lease, ilikubali kununua zaidi ya magari 3,000 yaliyobaki. Oktoba mwaka huo ikaambiwa kwamba taarifa za magari hayo haziwezi kuhamishwa kutoka seva za Fisker kwenda seva nyingine, ikalazimika kupeleka pingamizi mahakamani. Wamiliki wa kawaida nao waliunda chama chao ili kutafuta vipuri, remoti na njia ya kuziendeleza programu za magari yao. Watu waliolipa makumi ya maelfu ya dola wakajikuta wanafanya kazi ya mtengenezaji.

Linganisha na Nissan Leaf. Mwaka 2024 Nissan ilifunga programu ya simu ya Leaf za zamani nchini Uingereza, zile zilizotengenezwa hadi 2016, kwa sababu zilitegemea mtandao wa 2G unaozimwa. Wamiliki walikasirika, na walikuwa na haki: hawakuweza tena kupasha gari joto wakiwa ndani ya nyumba wala kuagiza lianze kuchaji. Lakini asubuhi yake walitoka, wakafungua milango, wakawasha magari, wakaenda kazini, maana Leaf ina ufunguo wake. Walipoteza raha, gari likabaki. Huo ndio mpaka ninaotaka uchorwe na sheria. Kampuni iwe huru kubuni raha kadiri inavyotaka, na ikishindwa kuziendesha izifunge, ila kufungua mlango na kuwasha gari visiwe miongoni mwa vitu vinavyoweza kufungwa.

Kuhusu wizi, husemwa kwamba simu ni salama kuliko ufunguo. Si mara zote. Mei 2022 mtafiti wa kampuni ya usalama wa kompyuta ya NCC Group alionyesha jinsi ya kuidanganya Bluetooth ya Tesla Model 3 kwa kupokea mawimbi ya simu iliyo mbali na kuyarusha hadi kwenye gari, likafunguka na kuwaka. Magari ya remoti za kawaida nayo huibiwa kwa ujanja wa aina hiyo. Kila ufunguo una wezi wake, na hakuna sababu ya kiusalama ya kumnyima mwenye mali njia ya akiba.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu tunaendesha magari yaliyotumika. Kenya huruhusu magari yasiyozidi miaka minane, na hiyo ina maana kwamba gari linaweza kutua Mombasa likiwa na programu iliyoandikwa karibu muongo mmoja nyuma, akaunti ya mmiliki wa Japani au Uingereza ambayo haijafutwa, na laini ya simu inayotafuta mtandao usiokuwepo hapa. Mnunuzi atamwomba nani amtoe mmiliki wa kwanza kwenye seva? Isitoshe, mawasiliano yetu na seva hizo hupita baharini. Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na Uganda kwa siku kadhaa. Gari linaloomba ruhusa ng'ambo kila asubuhi halifai kwa mazingira hayo.

Nisieleweke kwamba napinga magari ya umeme. Nayataka, hasa kwa nchi zinazotumia fedha nyingi za kigeni kununua mafuta, na funguo za simu zimeingia hata kwenye magari ya petroli. Najua pia hofu ya kwamba sheria itadumaza ubunifu. Mbona Umoja wa Mataifa tayari una kanuni, namba 156, inayodai kuwa sasisho la programu likishindwa gari lirudishwe kwenye toleo la awali au liachwe katika hali salama? Nao Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari Ulaya, kuanzia 2026 wanawapunguzia alama watengenezaji walioondoa vitufe halisi vya mambo ya msingi kama honi na taa za tahadhari. Ubunifu haujafa huko.

Ninaziomba taasisi za viwango, TBS ya Tanzania na KEBS ya Kenya, ziliweke hili katika viwango vya magari sasa, wakati magari ya umeme bado ni machache barabarani kwetu: ufunguo au kadi inayofanya kazi bila mtandao, njia ya wazi ya kufungua mlango betri ndogo ikifa, na wajibu wa muuzaji kufuta akaunti ya mmiliki wa awali kabla ya kukabidhi. Nawe unayekwenda kununua, usilipe kwanza. Mwombe muuzaji azime data ya simu yake, kisha afungue gari na aliwashe mbele yako.