Afya ya Mfanyakazi Wakati wa Janga: Wajibu wala si Hisani

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukweli wa methali hii ulidhihirika nchini Kenya kuanzia tarehe 13 Machi 2020, siku ambayo kisa cha kwanza cha ugonjwa wa korona kilitangazwa. Punde si punde, mitungi ya maji na sabuni iliwekwa kwenye malango ya viwanda na maduka, wafanyakazi wakapimwa joto na barakoa ikawa vazi la lazima. Wako waliozitazama hatua hizo kama ukarimu wa waajiri wakati wa dhiki. Mtazamo huo una kasoro. Kumlinda mfanyakazi dhidi ya maradhi awapo kazini si hisani asilan. Ni deni la kisheria, na deni hilo lilikuwapo miaka 13 kabla ya janga lenyewe kubisha hodi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamwamuru kila mwenye mahali pa kazi kuhakikisha usalama, afya na ustawi wa wote wanaofanya kazi hapo. Anatakiwa kutathmini hatari, kutoa mafunzo na maelezo, kuepusha msongamano, kuruhusu hewa safi ipite na kutoa vifaa vya kujikinga. Penye wafanyakazi 20 au zaidi, sharti pawe na kamati ya usalama na afya. Aidha, mfanyakazi akiripoti hatari kubwa inayomkabili, mwajiri haruhusiwi kumrejesha penye hatari hiyo kabla ya kuiondoa. Sheria hiyo haikuitaja korona, wala haikuhitaji kuitaja. Chumba kilichosongamana watu kina hatari, hata kama jina la ugonjwa bado halijajulikana.

La kusikitisha ni kwamba baadhi ya waajiri walishika tanzu wakaliacha shina. Kumpima mtu joto langoni hakutoshi, maadamu anayebeba virusi anaweza kuwaambukiza wenzake kabla ya homa kumpata, au bila ya homa kabisa. Ugonjwa huu husambaa hewani, hasa ndani ya vyumba vilivyofungwa. Kwa hiyo, katika karakana ya kushonea nguo ambamo mashine zimepangwa bega kwa bega, jambo la kwanza ni kufungua madirisha, kutenganisha mashine na kugawanya zamu. Barakoa ni ngao ya mwisho, si ya kwanza. Anayegawa barakoa huku madirisha yamefungwa amemhamishia mfanyakazi mzigo uliokuwa wake.

Kuna ufa mwingine ambao hauonekani kwa urahisi, nao ni likizo ya ugonjwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi aliyetumika miezi miwili mfululizo siku 7 zenye malipo kamili na siku 7 zenye nusu ya malipo, katika kila kipindi cha miezi 12. Kibarua anayelipwa kwa siku hana kinga hiyo. Je, akiamka na kikohozi, atafanyaje? Akisema, watoto watalala njaa. Akinyamaza, ataambukiza karakana nzima. Biashara inayomwadhibu anayesema kweli kuhusu afya yake inaualika ugonjwa kwa mikono miwili. Malipo ya siku chache kwa mgonjwa mmoja ni nafuu kuliko kufunga kiwanda kizima.

Hali kadhalika, suala la lugha halina budi kuzingatiwa. Sheria inataka mfanyakazi apewe maelezo, na maelezo yasiyoeleweka si maelezo. Katiba ya mwaka 2010 imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini si nadra kukuta ilani za usalama zimeandikwa kwa Kiingereza pekee, mahali ambapo wafagiaji, mabawabu na wapakiaji huzungumza Kiswahili kutwa kucha. Janga lilithibitisha kwamba lugha hii haikosi uwezo: maneno barakoa, kitakasa na karantini yalienea hadi sokoni. Kilichokosekana ni utashi. Hapa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana kazi ya kufanya: kutafsiri sheria za kazi na kuandaa ilani ambazo kuli atazisoma na kuzielewa.

Yumkini mwenye biashara ndogo atauliza pesa zitatoka wapi, hasa mauzo yanapodidimia. Swali hilo ni la haki, na serikali inapaswa kumsaidia. Hata hivyo, dirisha lililofunguliwa halina gharama, wala kumsikiliza mfanyakazi hakulipishwi kodi.

Mnamo Mei 2023, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona si tena dharura ya kimataifa. Mitungi mingi ya maji ikaondolewa malangoni. Sheria, hata hivyo, haikuondolewa pamoja nayo. Shime basi, waajiri wazizindue kamati zilizolala na kutathmini hatari wakati huu wa utulivu, kwani janga lijalo halitapiga mbiu kabla ya kuwasili.